Robert Koch

Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa bakteria kutoka nchini Ujerumani. Pamoja na Mfaransa Louis Pasteur anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa elimu ya vimelea vya magonjwa. Mwaka 1882 alitangaza ugunduzi wa bakteria ya kifua kikuu, na mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Katika Afrika ya Mashariki anajulikana kwa safari zake za utafiti za miaka 1897–1898, 1905 na 1906–1907. Katika safari ya mwaka 1905 alifuata njia ya misafara kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, hadi Iringa, akichunguza homa ya papasi.

Kazi ya Koch ilibadilisha namna watu wanavyoielewa hewa. Kabla ya wakati wake magonjwa mengi yalisemekana kuletwa na hewa mbaya, na ubaya huo ulitambuliwa kwa harufu tu. Yeye na wanafunzi wake walianza kunasa na kuhesabu vilivyomo hewani. Hivyo ikawezekana kusema ni ugonjwa gani kweli unapitia hewani, na ni upi hewa imesingiziwa.

Imani ya hewa mbaya

Katika karne ya 19 waganga wengi wa Ulaya waliamini kwamba mvuke unaotoka katika vinamasi, taka na vitu vinavyooza ndio unaoleta homa. Neno malaria lenyewe linatokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya.

Wasafiri wa Ulaya walikuja na imani hiyo hadi Morogoro. Richard Burton alipita Zungomero, kusini mwa Milima ya Uluguru, mwaka 1857. Aliyaeleza mabonde yale kuwa makao ya homa kwa sababu ya unyevu na mvuke wa ardhi yake. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita katika mji wa Simbamwenni, ambao ndio chanzo cha Morogoro ya leo, kisha akavuka mbuga ya Mkata wakati wa masika. Msafara wake uliugua vibaya, naye akailaumu mbuga ile.

Kosa la imani hiyo halikuwa kuogopa vinamasi, kwa kuwa watu waliokaa karibu na vinamasi waliugua kweli. Kosa lilikuwa kutojua ni kitu gani hasa kinachougua watu hapo. Asiyejua kisababishi hukimbia mahali pote, au hufunga madirisha usiku, huku ugonjwa ukiingia kwa njia nyingine.

Maisha ya awali

Koch alizaliwa Clausthal, mji wa wachimba madini katika milima ya Harz. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto 13, na baba yake alikuwa afisa wa migodi. Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, aliyekuwa amefundisha tangu mwaka 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo. Wakati ule wengi hawakulikubali wazo hilo, kwa sababu hapakuwa na njia ya kulithibitisha.

Koch alihitimu udaktari mwaka 1866, akamwoa Emmy Fraatz mwaka 1867, wakapata binti mmoja, Gertrud. Alihudumu kama daktari katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa ya miaka 1870–1871. Kuanzia mwaka 1872 alikuwa daktari wa wilaya ya Wollstein (leo Wolsztyn, nchini Poland).

Kimeta

Huko Wollstein kimeta kilikuwa kikiua mifugo na hata watu. Koch hakuwa na maabara ya chuo kikuu. Alifanya kazi nyumbani kwake kwa hadubini, akitumia panya, vijiti vidogo vilivyotiwa damu ya wanyama waliokufa, na majimaji ya jicho la ng'ombe ya kukuzia bakteria.

Alionyesha kwamba bakteria ya kimeta hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kudumu ardhini kwa miaka mingi. Kwa hiyo malisho yaliyoonekana kulaaniwa yalikuwa yamebaki na mbegu za mizoga iliyofukiwa zamani. Mwaka 1876 alipeleka vifaa vyake Breslau na kurudia majaribio mbele ya profesa Ferdinand Cohn, ambaye alimsaidia kuyachapisha. Kwa mara ya kwanza ilithibitishwa kikamilifu kwamba bakteria fulani ndiye anayeleta ugonjwa fulani.

Kiazi, jelatini na upimaji wa hewa

Mwaka 1880 Koch alihamia Berlin katika Ofisi ya Afya ya Dola. Tatizo lake kubwa lilikuwa kutenganisha bakteria. Katika mchuzi wa kukuzia, aina nyingi huchanganyika na haiwezekani kujua ipi ni ipi.

Jibu lilitokana na kipande cha kiazi kilichochemshwa na kuachwa wazi mezani. Baada ya muda kilikuwa na madoa ya rangi mbalimbali, na kila doa, lilipotazamwa kwa hadubini, lilikuwa na viumbe vya aina moja tu. Maana yake ni kwamba kila kimoja kilikuwa kimeanguka peke yake kutoka hewani na kuzaana palepale. Koch alitambua kwamba akiwa na kitu kigumu cha kukuzia ataweza kutenganisha aina zote. Alitandaza jelatini yenye lishe juu ya kioo, na mwaka 1881 akaonyesha njia hiyo London mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari.

Njia hiyo ilikuwa pia kipimo cha hewa. Ukiacha sahani ya jelatini wazi kwa muda uliopangwa, ukaifunika na kusubiri, unaweza kuhesabu madoa na kulinganisha chumba kimoja na kingine. Mwanafunzi wake Walther Hesse aliiboresha kwa kuvuta hewa polepole katika bomba la kioo lililopakwa jelatini ndani yake. Kwa kuwa kiasi cha hewa iliyopita kilijulikana, alipata idadi ya viumbe kwa kila lita. Jelatini iliyeyuka siku za joto, mpaka mke wake, Fanny Hesse, aliposhauri itumiwe agari, yaani utomvu wa mwani aliokuwa akiutumia jikoni kugandisha vyakula. Agari inatumika katika maabara duniani kote hadi leo. Msaidizi mwingine, Richard Julius Petri, alibuni mwaka 1887 kisahani chenye kifuniko kinachoitwa kwa jina lake.

Wengine walifanya kazi ya namna hiyo katika miji mingine. Mjini Paris, Pierre Miquel wa kituo cha Montsouris alihesabu viumbe vya hewani kwa miaka mingi mfululizo, akaonyesha kwamba hewa ya barabara za katikati ya mji ina viumbe vingi kuliko hewa ya bustani. Mjini München, Max von Pettenkofer alikuwa amependekeza tangu mwaka 1858 kwamba ubora wa hewa ya chumba chenye watu upimwe kwa kiasi cha kaboni dioksaidi. Kikomo alichoweka kilikuwa sehemu 1 katika 1,000.

Kifua kikuu

Tarehe 24 Machi 1882 Koch aliwatangazia wataalamu wa Berlin kwamba amepata bakteria ya kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo ulikadiriwa kuua mtu mmoja kati ya saba. Wengi walidhani ni ugonjwa wa kurithi, kwa kuwa ulipita katika familia. Koch alionyesha kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza.

Ili kuthibitisha, alifuata hatua ambazo baadaye ziliitwa kanuni za Koch. Kwanza, kimelea kipatikane kwa kila mgonjwa wa ugonjwa huo. Pili, kitolewe na kukuzwa peke yake nje ya mwili. Tatu, kikiingizwa katika mnyama mzima kilete ugonjwa uleule. Hatimaye kipatikane tena katika mnyama huyo.

Hapa hewa ilikuwa na hatia kweli. Koch alifundisha kwamba makohozi yanayokauka sakafuni hugeuka vumbi la kuambukiza, na Georg Cornet wa maabara yake alipata bakteria hao katika vumbi la vyumba vya wagonjwa. Mwaka 1897 Carl Flügge, rafiki wa Koch, alionyesha kwamba hata matone madogo yanayotoka kinywani mtu anapokohoa au kuzungumza hubeba vimelea. Utafiti wa karne ya 20 ulithibitisha kwamba njia kuu ni chembe ndogo sana zinazoelea hewani kwa saa nyingi. Ndiyo sababu wodi za kifua kikuu huhitaji madirisha makubwa ya kupitisha upepo.

Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa aliyoiita tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pande zote za Ulaya. Dawa haikuponya, na wengine walizidiwa au kufa baada ya kuchomwa. Koch alikuwa ameitangaza kabla ya kuipima vya kutosha, na alificha mwanzoni jinsi ilivyotengenezwa. Tuberkulini ilibaki na manufaa ya kutambua tu kama mtu ameambukizwa.

Kipindupindu

Mwaka 1883 Koch alitumwa Aleksandria, Misri, kisha Calcutta, India, ambako alithibitisha mwaka 1884 bakteria ya kipindupindu na kuonyesha kwamba inaenezwa kwa maji. Pettenkofer alimpinga. Aliamini kwamba ugonjwa huo unahitaji mvuke wa ardhi unaoingia hewani. Mwaka 1892 alikunywa hadharani majimaji yenye bakteria hao na hakuugua vibaya.

Mwaka uleule mji wa Hamburg ulipata majaribu makubwa. Ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na watu wapatao 8,600 walikufa. Mji jirani wa Altona ulipata maji kutoka mto uleule, tena upande wa chini penye uchafu zaidi, lakini uliyachuja kwa mchanga. Hapo waliokufa walikuwa wachache. Miji hiyo ilipakana na hewa yake ilikuwa moja, kwa hiyo tofauti ilikuwa katika maji.

Hata hivyo, makosa ya Pettenkofer kuhusu kipindupindu hayakufuta kazi yake ya kupima hewa ya vyumba. Kikomo chake bado kinatajwa na wahandisi wa majengo.

Safari ya kwanza Afrika ya Mashariki

Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 akitokea India, alikokuwa akichunguza tauni. Tanganyika ilikuwa wakati huo sehemu ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Alichunguza malaria na magonjwa ya ng'ombe yanayoenezwa na kupe. Pia alipima sampuli zilizoletwa kutoka Kiziba, magharibi mwa Ziwa Viktoria, na kuthibitisha kwamba ugonjwa ulioua watu huko ulikuwa tauni.

Katika milima ya Usambara aliambiwa na wenyeji jambo ambalo madaktari wa Ulaya walikuwa bado wanabishania. Watu wa milimani waliugua homa waliposhuka nchi za chini, na waliuita ugonjwa huo kwa jina la mdudu aliyewauma huko, yaani mbu. Miaka ileile Ronald Ross, huko India, alithibitisha njia ya vimelea vya malaria ndani ya mbu. Hivyo hewa ya vinamasi iliondolewa lawama ya malaria. Kinamasi kilikuwa hatari kwa sababu ya viluwiluwi vya mbu vilivyokuwa majini.

Baadaye, huko Guinea Mpya, Koch alionyesha kwamba watoto wengi hubeba vimelea vya malaria bila kuonekana wagonjwa. Njia yake ya kupima damu za watu na kuwapa kwinini wenye vimelea ilijaribiwa pia Dar es Salaam. Lakini katika makoloni mbalimbali elimu hiyo ilitumika vilevile kuhalalisha ubaguzi wa makazi, Wazungu wakitengewa mitaa yao mbali na Waafrika. Hali ya maji, nyumba na mifereji ya walio wengi haikupewa uzito huohuo.

Njia ya Morogoro na homa ya papasi

Mwaka 1905 Koch alirudi. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, na ingefika Morogoro mwaka 1907. Mizigo bado ilibebwa na wapagazi waliolala njiani katika vibanda vya misafara. Wasafiri waliopita njia hiyo walipatwa mara nyingi na homa iliyokuja, ikatulia siku chache, kisha ikarudi. Wazungu wengi waliihesabu kuwa malaria au athari ya hali ya hewa ya nchi.

Koch alipima damu za wagonjwa na kukuta vimelea vyembamba vilivyojisokota kama uzi, tofauti kabisa na vile vya malaria. Kisha alichimbua sakafu za vibanda. Katika vumbi kavu chini ya paa, pasipofika mvua, alikuta papasi, aina ya kupe anayejificha mchana na kuuma watu usiku wakiwa wamelala. Aliwapasua na kuona vimelea ndani yao, hata ndani ya mayai yao. Hiyo ilieleza kwa nini kibanda kilichokaa muda bila wageni kiliendelea kuwa hatari, kwa kuwa papasi wapya walizaliwa wakiwa na vimelea tayari.

Wengine walifikia jibu hilo karibu wakati uleule. Philip Ross na Arthur Milne walitangaza uchunguzi wao nchini Uganda mwaka 1904. Joseph Dutton na John Todd walifanya kazi hiyo Kongo, na Dutton alikufa mwaka 1905 kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Wenyeji walimjua papasi kwa jina na kwa madhara yake kabla ya wote hao. Mchango wa Koch ulikuwa kuonyesha kimelea chenyewe, mahali anapoishi papasi na jinsi anavyowarithisha watoto wake.

Ushauri uliotokana na kazi hiyo ulikuwa rahisi: msafiri asilale katika vibanda vya zamani, bali apige hema mbali navyo, alale juu ya kitanda chenye chandarua. Hakukuwa na haja ya kuogopa hewa ya Morogoro.

Katikati ya mwaka huo vita ya Maji Maji ilianza katika nchi hiyohiyo. Utafiti wa Koch ulifanyika chini ya serikali iliyowalazimisha wananchi kufanya kazi na kulipa kodi, na misafara aliyoitegemea ilikuwa sehemu ya utawala huo. Desemba 1905 alipokea Tuzo ya Nobel mjini Stockholm kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Visiwa vya Sese

Miaka 1906–1907 Koch aliongoza msafara wa kuchunguza malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Alipitia Amani katika milima ya Usambara, na Mwanza, kisha akaweka kambi Bugala katika visiwa vya Sese, Uganda. Malale ilikuwa imeua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa katika miaka ile.

Aliwatibu mamia ya wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Wengine walipata nafuu kwa muda, lakini ugonjwa ulirudi. Koch akaongeza dozi, na wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka kabisa. Aliacha dozi hizo kubwa, lakini waliopofuka hawakupata kuona tena. Pia alipendekeza wagonjwa watengwe katika kambi. Wanahistoria wanaitaja kazi hiyo kama mfano wa majaribio ambayo watu wa makoloni hawakuwa na uwezo wa kuyakataa.

Kifo

Koch alitengana na Emmy na mwaka 1893 alimwoa Hedwig Freiberg, aliyefuatana naye katika baadhi ya safari zake. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mjini Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin katika taasisi aliyoiongoza tangu mwaka 1891, ambayo leo inaitwa Taasisi ya Robert Koch.

Urithi

Tarehe 24 Machi huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Tanzania imekuwa mojawapo ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Sahani zinazoachwa wazi kwa muda maalumu bado hutumika kupima hewa ya vyumba vya upasuaji na viwanda vya dawa. Vyombo vya kisasa vya mijini hupima zaidi vumbi na moshi, hasa chembe zisizozidi mikromita 2.5, lakini misingi ni ileile: kujua mahali, muda na kiasi cha hewa kilichopimwa, na kurudia kipimo kwa namna moja ili matokeo yalinganishwe. Kipimo kimoja cha siku moja hakitoshi kusema hewa ya mji ni nzuri au mbaya.

Mjini Morogoro kazi ya kutafuta bakteria aliyemgundua Koch inaendelea kwa njia ambayo yeye hakuijua. Shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panyabuku kunusa makohozi na kuonyesha yenye kifua kikuu. Panyabuku mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa dakika zipatazo 20. Sampuli anazozionyesha hupelekwa maabara kuthibitishwa kwa hadubini. Wagonjwa wengi ambao vipimo vya kliniki viliwapita wamegunduliwa kwa njia hiyo na kuanza matibabu.